Pikapu ya chini: maneno ya gereji na hali halisi chini ya chasisi

Mwanza tumezoea pikapu za kunyanyuliwa. Anayebeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba au mchanga kwenda Buhongwa huongeza bapa, yaani vyuma vipana vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kwenye springi za nyuma, na gari likiwa tupu linasimama mkia juu. Kwa hiyo kijana akija na Hilux kuukuu ya magurudumu mawili, au kale ka-Datsun 1200, akasema anataka kalale, yaani kashushwe karibu na ardhi, kila mtu gereji ana la kusema. Wengi wao wanajua kazi, na ndiyo sababu makosa yao yanaaminika. Tatizo ni kwamba karibu wote wanapima kutoka ardhini hadi kwenye bodi. Kipimo chenye maana kiko pengine: kutoka kwenye ekseli, mhimili unaoshika magurudumu, hadi kwenye raba ya kugotea, ile iliyofungwa chini ya chasisi, yaani fremu ya gari. Hapo ndipo nafasi ya springi kucheza inapopatikana, na kila sentimita unayoshusha unaichukua hapo.

Tuanze na lile la wazee: pikapu haikuumbwa kushushwa. Historia inasema vingine. Pikapu ndogo za Kijapani, Toyota, Datsun na Mazda, ndizo vijana wa California walizozishusha kwa wingi miaka ya 1970 na 1980. Zilikuwa rahisi kununua, bodi yake imekaa juu ya chasisi peke yake, na nyuma kuna springi za bapa ambazo fundi yeyote anazifungua kwa spana. Basi, hilo tuliache.

La pili lina madhara zaidi. "Bosi, toa bapa mbili nyuma, kazi imekwisha." Ni kweli gari litashuka. Lakini bapa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urefu tu. Kila moja inabeba sehemu ya mzigo. Ukizitoa, springi inakuwa laini wakati huohuo ambapo umepunguza nafasi ya kucheza, yaani ekseli inafika kwenye raba haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Kuna jingine ambalo halionekani gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta au breki kwa nguvu, ekseli inataka kuzunguka, na kinachoizuia ni hizohizo bapa. Zikibaki chache springi inajipinda, difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inainua pua, na propela shafti, fimbo inayoizungusha, inaanza kugonga. Bapa kuu, lenye macho ya kupitishia bushi, ndilo linalobaki na kazi yote, na likikatika ekseli haina tena kinachoishika upande huo.

Ndiyo maana watu hukimbilia bloku, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Wazo ni zuri, springi inabaki na nguvu yake ileile. Lakini hapa kuna dhana inayonichekesha kila ninapoisikia: kwamba bloku inashusha gari, nukta. Ingia chini uangalie kwanza. Kama ekseli imekaa juu ya springi, kama zilivyo pikapu nyingi ndogo za magurudumu mawili, bloku inasogeza ekseli kuelekea chasisi na gari linashuka. Kama springi imekaa juu ya ekseli, kama kwenye Hilux nyingi za magurudumu manne, bloku ileile italinyanyua gari. Huko kushusha kunataka ekseli ihamishwe iende juu ya springi, na hilo linashusha kwa mkupuo mmoja kiasi ambacho mara nyingi ekseli inakaribia kugusa chasisi.

Bloku yenyewe iwe ya chuma au aluminiamu, kipande kimoja, chenye tundu la kupokea kichwa cha senta bolti, ile inayoshika bapa pamoja, upande mmoja na kijiti cha kuingia kwenye kiti cha ekseli upande wa pili. Bila hivyo ekseli inaweza kuteleza mbele au nyuma, gari likatembea upande kama kaa. Mbao usithubutu, inabonyea, yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, zinalegea. Kupanga bloku mbili moja juu ya nyingine nako usithubutu. Yubolti za zamani hazitafika, na hata zingefika, zikishafunguliwa ni za kubadilisha kwa sababu zilishavutika mara ya kwanza. Mpya nazo zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo.

Upande wa mbele wa pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hauna koili. Una tosheni, fimbo ndefu ya chuma inayojipinda badala ya kubonyea. Kwenye mwisho wake kuna bolti ya kurekebisha, na hapa dhana ni kwamba ukiilegeza springi inakuwa laini, ukiikaza inakuwa ngumu. Si kweli. Ugumu wa fimbo hiyo unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chake, na bolti haigusi hata kimoja. Inabadilisha tu pembe ambayo mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, unaanzia. Sasa kwa nini dereva anaapa kwamba gari limekuwa gumu baada ya kulishusha? Kwa sababu mkono umesogea karibu na raba ya kugotea, na anachokisikia kwenye matuta ni raba. Ukienda mbali zaidi ya hapo unaendesha juu ya raba tupu, na hakuna shokapu, yaani kizuia mtikisiko, itakayokuokoa.

Mafundi wengi huhesabu mizunguko ya bolti, kushoto sawa na kulia. Fimbo za gari lililokula miaka 30 hazijachoka sawasawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye fenda, kwenye sakafu tambarare, baada ya kulisogeza gari mbele na nyuma ili likae. Tena fimbo ya kushoto na ya kulia hazibadilishani nafasi. Kiwandani kila moja hutengenezwa kujipinda upande wake, na kwa kawaida huwa na alama.

Wenye koili, kama Datsun 1200, wana msemo wao: kata mzunguko mmoja, itakuwa laini kidogo. Kinyume chake. Koili yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 14. Kukata kwa kipimo, bila moto, kunaweza kuvumilika. Kuichoma kwa gesi mpaka ilale ni uharibifu, maana chuma kinapoteza ugumu wake na kila upande unaendelea kulala kwa namna yake.

Shokapu haibebi gari. Inazuia kuyumba, basi. Ila gari likishuka sana, shokapu ndefu ya kawaida inagota ndani yake na kufa mapema, kwa hiyo fupi zinahitajika.

Kuhusu tairi kulika, kila mtu analaumu kuinama kwake. Kweli, mbele ikishuka tairi huinamia ndani kwa juu. Lakini kinachomaliza tairi haraka ni zile mbili kutotazama mbele sawasawa, jambo linalobadilika mara tu urefu unapobadilika. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanyike baada ya kushusha, hata kama usukani unaonekana umenyooka.

Sasa mzigo. Wapo wanaosema: sijagusa springi, nimeweka rimu na tairi fupi tu, kwa hiyo uwezo wa gari ni uleule. Soma ubavuni mwa tairi. Tairi ya mzigo ya 195R14 yenye namba ya mzigo 106 inabeba kilo 950. Tairi ya gari dogo ya 195/60R14 yenye namba 86 inabeba kilo 530. Kwa tairi mbili za nyuma umetoka kilo 1,900 hadi 1,060, na humo umo uzito wa gari lenyewe. Dashi nayo itakudanganya: ikisoma 100, mwendo halisi uko karibu na 88, kwa sababu tairi hiyo ni fupi.

Breki ndilo jambo ambalo sijasikia likitajwa gereji hata mara moja, na kwangu ndilo la kwanza. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba mzigo linashuka, fimbo inaisukuma vali, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Ukishusha gari, vali inaamini umebeba mzigo saa zote. Ukiwa mtupu, kwenye mteremko wa Bugando mvua ya masika ikinyesha, tairi za nyuma zinajifunga kabla ya za mbele na mkia unakuja pembeni. Fimbo hiyo ina marekebisho, au kishikizo chake kinahamishwa. Fundi aliyeshusha bila kuigusa hajamaliza kazi.

Mwisho ni kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, anayepitia Kigongo na Busisi hana shida ya kupanda kivuko, lakini anayevuka Kamanga bado anapanda bamba la kivuko. Watu hutazama bampa la mbele. Kinachogusa mara nyingi ni tumbo. Gari lenye mita 2.6 kati ya tairi za mbele na za nyuma, likiwa na sentimita 20 chini ya tumbo, linavuka mvunjiko, yaani pembe ya bamba na ardhi zinapokutana, wa karibu digrii 17. Likibaki na sentimita 12, ni digrii 10 na kidogo. Panda kwa mshazari kama nafasi ipo, mzigo ushushwe kwanza, na bomba la ekzosi lifungwe juu ya usawa wa chasisi kabla ya safari.