Sampla ni nini, na rekodi moja ya ilimba inageukaje kuwa kinanda

Sampla ni mashine au programu inayochukua rekodi fupi ya sauti na kuitandaza kwenye kibodi ili ichezwe kwa noti. Rekodi hiyo fupi ndiyo sampuli. Gonga kengele ya ng'ombe mara moja, irekodi, iingize kwenye sampla, na vitufe vyote vya kibodi vitaitoa kengele hiyohiyo, huku ikiwa nzito na kule nyembamba. Sintesaiza ni kitu kingine, kwa sababu yenyewe huunda mawimbi yake toka mwanzo. Na kuburuta faili la sauti na kulitupa kwenye mradi wa programu ya muziki bado si kusampo kwa maana hii: faili hilo litacheza vilevile lilivyo, ilhali lililo ndani ya sampla husubiri liambiwe noti ipi, kwa nguvu gani na liache lini.

Wazo si jipya. Mashine ya Fairlight CMI ya Australia ilitoka mwaka 1979, na MPC60 ya Akai, yenye pedi za kugonga kwa vidole, ikafuata mwaka 1988. Leo sampla imo ndani ya programu za kutengenezea muziki kama FL Studio, Ableton Live na Logic, na wasio na fungu wanaweza kupakua Decent Sampler au Sforzando bure.

Ndani kuna hesabu moja tu ya kasi. Kila nusutoni unayopanda (hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata, vyeusi vikihesabiwa), sampla huicheza rekodi kwa kasi iliyozidishwa kwa 1.0595. Ukipanda nusutoni 12, yaani oktava, kasi imekuwa mara mbili. Kwa hiyo sampuli ya sekunde 2 iliyopangwa kwenye noti namba 60 (kila kitufe kina namba yake) itaisha kwa sekunde 1 ukigusa namba 72, na itavuta sekunde 4 ukigusa namba 48. Malalamiko mengi yanaanzia hapa: sauti ya mtu ikipandishwa inakuwa ya katuni, ngoma ikishushwa inapoteza ule mshindo wa mwanzo. Programu nyingi zina kitufe cha kubadili noti bila kubadili urefu, lakini huichosha kompyuta na huitia ukungu ile sehemu ya kwanza ya mlio. Kwa ilimba (chombo cha vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba), ngoma na kengele, kizime.

Dawa ni kutoilazimisha rekodi moja ibebe kibodi nzima. Isisogee zaidi ya nusutoni 3 kwenda juu au chini. Kwa ilimba ya oktava mbili, sampuli 5 zilizoachana nusutoni 5 hivi zinatosha, kila moja ikitawala eneo lake.

Kurekodi kwenyewe, Arusha, ni vita na bodaboda. Anayeishi karibu na Barabara ya Sokoine asubiri usiku, atundike mablanketi mawili matatu nyuma na pembeni ya maikrofoni, na Moshi, kwenye joto la Januari, feni izimwe hata kama jasho linatiririka. Weka biti 24 na 44.1 kHz (yaani kompyuta ipime sauti mara 44,100 kwa sekunde), maikrofoni moja, kilele cha sauti kiishie karibu dB 10 chini ya sifuri. Acha kila mlio ufe wenyewe hadi kimya kabisa. Kuukata mapema ndiko kunakoleta ule mkia uliokatika ghafla, na hakuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) inayourudisha vizuri.

Kisha kata kimya cha mwanzoni. Kwenye mdundo wa mapigo 100 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 150, hivyo kimya cha milisekunde 30 tu kinatosha kumfanya mpigaji aonekane mzembe. Bakiza milisekunde 1 au 2 kabla ya mshindo, ukate pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri. Ukikata juu ya mlima wa wimbi, spika inarushwa ghafla na utasikia "tik" kila noti inapoanza.

Sasa noti ya asili, yaani kitufe ambacho rekodi huchezwa kwa kasi yake halisi. Hii ndiyo hukosewa kuliko zote. Pima kwa tyuna ya simu. Ikisoma A na senti 18 juu, weka noti ya asili A na ushushe senti 18 (nusutoni moja ina senti 100). Angalia pia majina: noti 60 ni C3 kwenye Ableton Live lakini ni C5 kwenye FL Studio, kwa hiyo mkibadilishana miradi andikeni namba. Ila usinyooshe kila kitu bila kufikiri. Ilimba ya Wagogo hufungwa kwa kufuata sauti za asili za wimbi, na ile ya saba kwenye mfululizo huo iko senti 31 chini ya noti ya piano. Kama wimbo hauna piano wala gitaa la kugombana nayo, iache ilivyo. Ukiisawazisha umebaki na marimba ya kwenye simu.

Nguvu ya mguso hutumwa kwa namba 1 hadi 127. Sampla isiyopangwa vizuri hupunguza sauti tu mguso ukiwa mdogo, lakini chombo halisi kikiguswa polepole hubadilika rangi pia. Rekodi milio ya mguso wa polepole, ya kati na ya nguvu, uigawe kwa mfano 1–50, 51–95 na 96–127. Kisha urudie kila mlio mara 3 ili sampla izungushe marudio hayo, la sivyo njuga zikichezwa haraka zitalia kama cherehani. Noti 5, nguvu 3, marudio 3: faili 45. Kila moja ikiwa ya sekunde 4, jumla ni takriban MB 24 kwa mono. Laptopu ya zamani inaibeba bila shida.

Herufi A, D, S na R ni muda wa sauti kuinuka, muda wa kushuka, kiwango inachokaa kitufe kikiwa kimeshikwa, na muda wa kufifia kikiachiwa. Kwa ilimba weka A sifuri na R ndefu. Kwa ngoma, iambie sampla icheze hadi mwisho hata kidole kikiondoka. Hi-hat (matoazi mawili ya kwenye dramu) iliyofunguka na iliyofungwa ziwekwe kwenye kundi moja la kukatana, ili moja inyamazishe nyingine.

Pembe la tandala lina tatizo lake: pumzi inaisha, kitufe bado kimeshikwa. Hapo inahitajika lupu, yaani kipande cha katikati kinachojirudia. Usichague mzunguko mmoja tu wa wimbi. Sauti ya Hz 220 ina vipimo 200.45 kwa kila mzunguko kwenye 44.1 kHz, ukikata 200 kamili, noti inapanda karibu senti 4, na inasikika imekufa. Chukua nusu sekunde au zaidi, uchanganye mwisho na mwanzo kwa milisekunde 50. Ikiyumba kwa mdundo unaosikika, kipande hicho kina mahali palipovuma zaidi, sogeza mipaka.

Kuhusu haki: ukikata kipande cha wimbo wa mtu, kuna haki ya utunzi na haki ya rekodi, na Tanzania Bara haki zote mbili zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mzee aliyekupulizia pembe naye mlipe na mwandikiane, hata kama ni noti tatu.

Faili zipewe majina yanayojieleza, mfano ilimba_57_kati_2, ambapo 57 ni noti, na zikae folda moja na mradi. Sampla nyingi hazimezi sauti, hukumbuka njia ya kwenda kwenye faili tu. Ukihamisha mradi kwa flashi kutoka Ngarenaro, Arusha, hadi studio ya Moshi ukaisahau folda hiyo, utafunguka na kibodi bubu.