Je, wajua kwa nini kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayowekwa kwenye mfupa wa taya ili kubeba jino la bandia, hupungua ukazo wiki ya tatu baada ya upasuaji, ilhali hakuna kilichoharibika?

Wengi huamini kwamba kipandikizi hugandishwa kwenye taya kwa gundi au sementi, hivyo kikikaza siku ya upasuaji kazi imekwisha. Ndani ya mfupa hamna gundi wala sementi. Sementi hutumika juu tu, kubandika baadhi ya meno ya bandia yanayovikwa baadaye, na huenda dhana hii imetokea huko. Kinachoingia kwenye mfupa ni skrubu ya titani (aina ya metali), mara nyingi yenye kipenyo cha milimita 4 hivi na urefu wa milimita 10, inayozungushwa katika tundu jembamba kidogo kuliko yenyewe. Mfupa unatanuliwa, nao unaibana skrubu. Kipimo cha kukazia kikifika nyutoni-sentimita 35, daktari huridhika. Lakini huko ni kubanwa tu, kuungana bado.

Mfupa uliokatwa na kubanwa hufa ukingoni. Osteoklasti, yaani seli zinazobomoa mfupa, huja kuuondoa, kisha osteoblasti hujenga mpya. Chukua nyumba ya miti na udongo inayobadilishwa nguzo zilizooza huku wenyewe wakiishi ndani: fundi hawezi kusimika mpya kabla ya kung'oa ya zamani, na udongo wa kushindilia haukauki siku hiyohiyo. Siku nguzo nyingi zimeng'olewa na udongo bado mbichi, nyumba ni dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla fundi hajafika, ingawa kazi inakwenda sawasawa. Kwa kipandikizi, siku hizo huangukia takriban kati ya wiki ya 2 na ya 4.

Ubaya ni kwamba wakati huo kidonda cha ufizi kimeshafunga na maumivu yameisha, kwa hiyo mtu huanza kutafunia upande ule. Skrubu ikichezacheza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita hivi (kiwango hiki kimetokana zaidi na majaribio ya wanyama), mwili huizungushia tishu ya nyuzinyuzi badala ya mfupa. Hapo haitashika tena.

Joto nalo huua. Majaribio kwa sungura yalionyesha kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu hudhuru mfupa. Ndiyo maana keekee butu hutupwa, maji ya chumvi humiminwa muda wote wa kutoboa, na keekee hupandishwa na kushushwa badala ya kukandamizwa mfululizo.

Uwezo wa titani wa kuungana na mfupa uligunduliwa bila kutafutwa: Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura miaka ya 1950, alikuta vifaa vyake vya titani havitoki. Mgonjwa wa kwanza wa meno alipandikizwa mwaka 1965. Enzi hizo walisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi. Leo uso wa skrubu hukwaruzwa kwa kupulizwa chembechembe ngumu na kuchovywa kwenye asidi ili damu iliyoganda ishike vizuri, na kwenye mfupa mzuri wiki 6 hadi 8 huweza kutosha.

Jino la muda likivikwa mapema, husagwa lisigusane na la upande wa pili. Na skrubu ikizunguka bila maumivu siku ya kufunga jino la kudumu, daktari huacha kukaza na kuipa wiki kadhaa zaidi. Ikitikisika na kuuma, huitoa.