Jina la Meli Halitoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kuoanisha Takwimu za Mchezo na Modeli za Manowari

Anayecheza vita vya baharini mezani akiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru kwa kawaida hawezi kuingia dukani akashika modeli, akaigeuza na kuipima kabla ya kulipa. Huagiza kutoka nje kwa kutazama orodha na picha ndogo. Kifurushi huchukua wiki kadhaa, na kikifika na meli isiyolingana na mstari wa takwimu (mstari wa jedwali la mchezo unaoeleza nguvu za meli hiyo), gharama ya kukirudisha huweza kushinda bei ya modeli yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kuoanisha hufanywa kwenye karatasi kabla pesa hazijatumwa. Dhana zifuatazo ndizo zinazoiharibu kazi hiyo mara nyingi.

Dhana: Jina likilingana, meli ni hiyo hiyo

Hili ndilo kosa linalokula pesa kuliko yote. Majeshi ya majini hurudia majina jinsi jina la babu linavyorudi kwa mjukuu, na wauzaji wengi huandika jina peke yake bila mwaka.

Chukua Königsberg, meli ambayo mchezaji wa Afrika Mashariki huitafuta mapema kwa sababu ilipigana mlangoni petu. Iliizamisha manowari ya Uingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Rufiji, na ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Ujerumani ilikuwa na kruza nyepesi (manowari za mbio, zenye mizinga ya wastani) tatu za jina hilo. Ya kwanza ilishushwa majini mwaka 1905: urefu wa mita 115.3, dohani tatu, mizinga 10 ya milimita 105. Ya pili ilishushwa mwaka 1915: mita 151.4, mizinga 8 ya milimita 150, na baada ya vita Ufaransa iliichukua na kuiita Metz. Ya tatu ni ya mwaka 1927: mita 174, mizinga 9 ya milimita 150 katika minara mitatu ya mizinga inayozunguka, ikazamishwa na ndege za Uingereza huko Bergen mwezi Aprili 1940. Katika skeli ya 1:2400, yaani modeli ikiwa ndogo mara 2,400 kuliko meli, modeli zake zina urefu wa milimita 48, 63 na 72.5. Ukiletewa ya tatu badala ya ya kwanza, hakuna rangi wala faili la kukwangulia litakaloiokoa.

Pegasus nayo ina mtego wake. Ile ya Zanzibar ilikuwa kruza ndogo ya kundi la Pelorus, yaani meli zilizojengwa kwa ramani moja, iliyoshushwa majini 1897. Pegasus ya mwaka 1917 ilibeba ndege za kutua majini. Kisha mwaka 1934 meli ya ndege iliyokuwa ikiitwa Ark Royal ikapewa jina la Pegasus. Aliyeagiza kwa jina tu asishangae akipokea meli ya kubebea ndege.

Katika jedwali lako, weka safu kwa mpangilio huu: taifa, aina ya meli, kundi lake, mwaka wa vita unavyotaka kuvicheza, urefu wote, idadi ya dohani na milingoti, mpangilio wa mizinga mikubwa. Jina liwe safu ya mwisho. Modeli ikikubaliana na safu zote za mwanzo lakini ina jina la meli dada, inunue. Ikikubaliana na jina peke yake, iache.

Dhana: Meli dada ni pacha, na meli haibadiliki

Meli hutoka kiwandani zikiwa na tofauti, kisha hubadilishwa maisha yao yote. Kundi la Queen Elizabeth la Uingereza ndilo somo bora. Katika vita vya Jutland mwaka 1916 meli hizo zilikuwa na dohani mbili. Baada ya vita dohani hizo ziliunganishwa kuwa moja. Kisha Warspite ikajengwa upya kati ya 1934 na 1937, zikafuata Valiant na Queen Elizabeth: mnara mpya wa uongozi, injini mpya, na mizinga ya inchi 15 ikawezeshwa kuinuka nyuzi 30 badala ya 20. Barham na Malaya hazikupata ukarabati huo mkubwa. Hata hizo tatu zilizojengwa upya hazifanani: Warspite ilibaki na baadhi ya mizinga yake ya inchi 6 ubavuni, ilhali Valiant na Queen Elizabeth zilipewa mizinga 20 ya inchi 4.5.

Mchezo wenye takwimu makini utakuwa na mistari mitatu au minne kwa kundi hilo moja, kwa kuwa mwinuko wa mzinga hubadilisha masafa. Kumpa mchezaji modeli ya Barham pamoja na mstari wa Valiant ya 1941 ni kumpa masafa ambayo meli anayoiona mezani haikuwa nayo, na mpinzani wake atakadiria hatari vibaya.

Tukirudi Rufiji, Severn na Mersey, monita za Uingereza (manowari ndogo za maji mafupi zenye mizinga mizito) zilizoiangamiza Königsberg, zilijengwa kwa ajili ya Brazil, zikiwa na mizinga miwili ya inchi 6 katika mnara mmoja wa mbele. Mitutu ilichakaa kwa kupiga pwani ya Ubelgiji mwaka 1914, mnara ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa mizinga miwili ya pekee, mmoja mbele na mmoja nyuma. Modeli yenye mnara ni sahihi kwa Ubelgiji, si kwa Rufiji. Marekebisho ni madogo: kata mnara, sawazisha sitaha, gundisha mizinga miwili yenye ngao, kisha hakikisha mstari wa takwimu unaruhusu mzinga mmoja tu kupiga moja kwa moja mbele.

Dhana: Urefu ni urefu

Vitabu hutoa urefu wa namna tatu: urefu wote kutoka ncha hadi ncha, urefu kwenye mstari wa maji, na urefu kati ya nguzo za ujenzi ambao Waingereza waliupenda sana. HMS Dreadnought ya 1906 ina futi 527 kwa kipimo cha kwanza na futi 490 kwa cha mwisho. Zidisha futi kwa 304.8, gawa kwa skeli, upate milimita. Kwa 1:2400 utapata 66.9 na 62.2. Tofauti ya karibu milimita 5 yatosha kumfanya mtu aamini kwamba fundi wa modeli amekosea, kumbe ni yeye aliyechukua kipimo kingine.

Tumia urefu wote kila mara, na uupime kwa rula ya chuma. Kubali tofauti ya hadi asilimia 3. Lipo jambo moja la kuzingatia kwa meli za zamani ambazo omo yake ilitokeza chini ya maji: modeli iliyokatwa kwenye mstari wa maji huipoteza ncha hiyo, kwa hiyo itapungua kidogo bila kuwa na kosa.

Dhana: Tani zinaonyesha ukubwa

Hazionyeshi, mpaka ujue ni tani zipi. Mkataba wa Washington wa 1922 uliweka kipimo kisichohesabu mafuta wala maji ya akiba ya injini. Takwimu za kabla ya hapo hufuata desturi nyingine, na tani ya Kiingereza ni kilo 1,016. Isitoshe, serikali zilitangaza zilichotaka: Ujerumani ilisema Admiral Graf Spee ina tani 10,000, na uzito halisi ulizidi hapo. Usichague modeli kwa tani.

Dhana: Skeli zinazokaribiana huchanganyika tu

Za 1:1200 na 1:1250 huchanganyika kweli. Tofauti ni asilimia 4, yaani karibu milimita 9 kwa HMS Hood yenye mita 262, na haionekani isipokuwa meli mbili za kundi moja zikisimama ubavu kwa ubavu.

Za 1:2400 na 1:3000 ni jambo jingine. Pegasus ilikuwa fupi kuliko Königsberg kwa takriban mita 20. Ukinunua Pegasus ya 1:2400 itakuwa na milimita 39.8; Königsberg ya 1:3000 itakuwa na 38.4. Mezani mnyonge atakuwa mrefu kuliko mbabe, na kila anayetazama atausoma uwanja kinyume. Amua skeli moja kabla ya kununua meli ya kwanza. Kwa meza ya kawaida ya nyumbani, 1:3000 hutoa nafasi ya kutosha kwa vikosi vikubwa. 1:2400 hukupa sura inayotambulika hata kwa meli ndogo kama monita, ambayo kwa 1:3000 ina milimita 27 tu.

Dhana: Mizinga kwenye modeli lazima iwe sawa na namba kwenye takwimu

Michezo mingi haiandiki idadi yote, bali mizinga inayoweza kupiga ubavu mmoja. Königsberg ilikuwa na 10, lakini miwili ya mbele ilikaa sambamba, miwili ya nyuma vilevile, na sita ikagawanywa kushoto na kulia. Ubavu mmoja ni mizinga 5. Pegasus yenye mizinga 8 ya inchi 4 ilipiga kwa 4. Dreadnought ilikuwa na mizinga 10 mikubwa, ubavuni 8. Ukiona "5" kwenye mstari na mizinga kumi kwenye modeli, soma kwanza maelezo ya safu hiyo katika kanuni za mchezo kabla hujaikataa modeli wala kusahihisha takwimu.

Dhana: Bila modeli kamili vita havichezeki

Kibadala kizuri hufuata ngazi hii ya umuhimu: aina ya meli, idadi na nafasi za dohani, milingoti, mpangilio wa mizinga, na urefu mwishoni. Macho ya mchezaji hutambua umbo kabla ya milimita. Ukikosa Königsberg ya 1905, tafuta Stettin, Stuttgart au Nürnberg, ambazo ni dada zake ndefu kidogo. Ukizikosa, Emden ya 1908 inafaa sana: dohani tatu, mizinga 10 ya milimita 105, urefu wa mita 118.3. Kwa 1:3000 tofauti ni milimita moja. Kwa Pegasus chukua yoyote katika kundi la Pelorus, lililokuwa na meli 11.

Kwa wenyeji wa Kisumu kibadala kina uzito wa pekee, kwa sababu meli zilizobeba mizinga katika Ziwa Victoria hazikuwa manowari. Zilikuwa meli za shirika la reli: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na wenzake, zilizoletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kisumu, kisha zikapewa silaha vita vilipoanza 1914. Upande wa Wajerumani kulikuwa na boti ya kuvuta iitwayo Muansa. Sybil iligonga mwamba upande wa adui mwishoni mwa 1914 na ikaja kuokolewa mwaka uliofuata. Historia hii inastahili kuchezwa, na hasa mahali ilipotokea.

Kosa linalofanywa hapa ni kuchukua modeli ya mharibifu (manowari ndogo ya kasi) kwa kuwa urefu wake unakaribia. Waharibifu wa enzi hiyo walikuwa wembamba, urefu ukiwa kama mara 10 ya upana. Meli ya abiria na mizigo huwa kama mara 6. Tafuta katika orodha za meli za biashara, sehemu ya meli ndogo za pwani, gawa urefu kwa upana, na ukubali jibu lililo kati ya 5.5 na 7. Kwa takwimu, tumia mstari wa meli ya biashara yenye silaha: hakuna chuma cha kinga, mizinga michache myepesi, na mwili usiostahimili mapigo mengi. Usiipe uwezo wa manowari ndogo, maana mchezo utaegemea upande mmoja kuanzia kete ya kwanza.

Dhana: Printa ya 3D imemaliza tatizo

Printa huondoa kusubiri posta, lakini haiondoi uoanishaji. Faili la kompyuta la modeli lina mwaka na skeli yake vilevile. Hesabu ya kupunguza ni skeli ya zamani kugawanywa kwa mpya: kutoka 1:1800 kwenda 1:2400 ni asilimia 75, kwenda 1:3000 ni 60, na kutoka 1:700 kwenda 1:1250 ni 56.

Tatizo ni kwamba kila kitu hupungua, hata visivyoweza kusimama. Mlingoti wa sentimita 60 kwa 1:3000 ni milimita 0.2; utavunjika unapoutoa kwenye resini. Ufute kwenye faili, toboa tundu dogo, uweke waya mwembamba. Mitutu ya mizinga inenepeshe hadi milimita 0.4 au zaidi. Kata mwili kwenye mstari wa maji ndani ya programu, si kwa msasa baadaye. Inamisha meli kwenye nguzo badala ya kuilaza bapa, la sivyo kitako chake huweza kujikunja. Hapa kwetu, ambapo stima hupotea katikati ya kazi, chapisha meli chache kwa mkupuo na uweke betri ya akiba. Safu ikikatizwa huacha mstari unaoonekana ubavuni hata chini ya rangi.

Dhana: Ukubwa wa modeli unaonyesha umbali

Masafa yana skeli yake. Monita zilipiga Rufiji kutoka umbali wa kama mita 9,000. Mezani, sentimita 1 ikiwa mita 100, huo ni umbali wa sentimita 90. Kwa kipimo hicho hicho, Königsberg ya milimita 38 inafunika mita 384, zaidi ya mara tatu ya urefu wake halisi. Ndiyo maana upana wa mto mezani huonekana hautoshi, na meli hugongana kwenye mikondo ambayo kwa kweli zilipita. Pima kutoka nukta moja tu, kwa kawaida mlingoti wa mbele, na kitako cha modeli, yaani kibao kinachoibeba, kisihesabiwe.

Kitako chenyewe kikatwe kwa plaiwudi ya milimita 3, mafundi wa soko la Kibuye hapa Kisumu hukata hata vipande vidogo, kiwe kirefu kuliko modeli kwa milimita 5 kila upande. Juu yake andika jina ambalo meli inacheza. Chini yake andika namba ya mstari wa takwimu, mwaka, skeli, urefu uliopima kwa rula, na jina halisi la modeli ikiwa ni kibadala, kwa sababu msimu ujao Emden hiyo hiyo huenda ikahitajika kuwa Emden.