Maji ya bomba na sikio la mwenye sukari

Nilipofunua asubuhi ile sahani ya maabara ya kuoteshea vijidudu, harufu ya zabibu ilinipiga puani. Tamu, kama pipi. Bakteria walikuwa wamemea usiku kucha na kuigeuza sahani rangi ya kijani. Nilitoa tone la kipimo cha oksidesi, kinachosaidia kutambua aina ya bakteria, likawa zambarau kabla sijahesabu hadi kumi. Pseudomonas aeruginosa. Ukikaa maabara miaka mingi unamjua kwa pua, ingawa wakubwa wetu wanatukataza kunusa sahani, na wako sahihi.

Usaha nilioupaka kwenye sahani ile ulitoka sikioni mwa mzee mmoja wa upande wa Busia, mwenye sukari ya siku nyingi. Wiki tatu sikio linamuuma, usiku halali, vidonge na matone havijasaidia. Nilimuuliza mwanawe lilianzaje. Akasema, "Baba alikuwa na nta, wakamwosha kwenye kliniki fulani. Walichota maji kwenye jerikani wakayapiga kwa bomba la sindano." Yalikuwa maji gani? "Ya bomba tu. Masafi kabisa."

Masafi kwa macho, ndiyo. Mimi mwenyewe hunywa maji hayo yakishachemshwa. Lakini Pseudomonas hahitaji uchafu. Anaishi kwa chembe kidogo mno za chakula, hujishikiza ndani ya mpira na mdomo wa bomba, kisha hujifunika utando telezi ambao klorini haiupenyi vizuri. Maji yakikatika siku mbili, yakalala kwenye tangi jeusi juu ya bati, jua linayapasha na klorini inapungua. Hospitalini utamkuta kwenye shimo la sinki, na kwenye chupa ya maji inayopitishiwa oksijeni kama mtu ameijaza bombani badala ya kuweka maji yaliyotakaswa. Hiyo chupa ya oksijeni hunikera kuliko sinki, kwa sababu mgonjwa anavuta moja kwa moja kile kilichomo.

Sasa, mbona wengine huoshwa masikio kwa maji hayohayo na wanarudi nyumbani salama? Jibu liko kwenye nta. Watu huiona uchafu, kumbe ina asidi kidogo, na bakteria wengi hawaipendi asidi. Kwa mwenye sukari asidi hiyo hupungua. Mishipa yake midogo ya damu imechoka, na chembe nyeupe za kumlinda huzubaa sukari ikiwa juu. Ukichubua ngozi ya ndani kwa msukumo wa maji, umewafungulia mlango. Bakteria hupita kwenye gegedu hadi kwenye mfupa wa chini ya fuvu, na mshipa wa fahamu wa uso ukiguswa, mdomo hupinda upande. Daktari Mmarekani James Chandler aliueleza ugonjwa huu mwaka 1968 na kuuita "malignant external otitis", jina linalotisha kama la saratani, ingawa si saratani.

Tumboni ni habari ileile. Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi vya maji, vya kipindupindu vikiwemo, kabla havijafika utumbo. Siku hizi kila anayehisi kiungulia anajiita mgonjwa wa alsa, yaani vidonda vya tumbo, na kununua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, duka la dawa, miezi na miezi, bila kupimwa. Dawa ni nzuri kwa anayeihitaji. Ila anayeimeza huku akinywa maji ya kisima yasiyochemshwa amemwondoa askari mlangoni.

Kwa sikio la mwenye sukari, afadhali daktari atoe nta kwa chombo akiwa anaiona. Ikilazimu kuosha, atumie maji ya chumvi yaliyotakaswa, yenye joto la mwili, kisha sikio likaushwe vizuri. Baadhi ya madaktari humalizia kwa matone ya asidi ya siki, kurudisha ile asidi iliyooshwa. Na maumivu makali ya usiku yasiyolingana na kinachoonekana sikioni yasingoje wiki tatu.

Mzee wetu alimeza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, wiki nane, sukari yake ikafuatwa kila siku, akapona. Tangu hapo, Pseudomonas akitoka sikioni mwa mtu mzima, chini ya majibu naandika kwa kalamu nyekundu: "Sukari imepimwa?" Mwezi uliopita karatasi moja ilirudi na jibu la muuguzi: 19, yaani juu mno. Mama mwenyewe hakuwa anajua kwamba ana sukari.