Jamani, Apponyi hakutia saini Trianon

Tumeshasema, tumerudia, na bado juzi nimekutana nayo tena: picha ya mzee mrefu mwenye ndevu, chini yake maneno "Albert Apponyi akitia saini Trianon". Hapana! Mwanasiasa huyu wa Hungaria hakuutia saini mkataba huo wa amani, ule ulioikata nchi yake baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waliotia saini tarehe 4 Juni 1920 ni Ágost Benárd, aliyekuwa waziri, na mwanadiplomasia Alfréd Drasche-Lázár. Apponyi na ujumbe wake walikuwa wamejiuzulu tangu Mei, baada ya washindi wa vita kuwarudishia masharti yaleyale.

Yeye Paris alikwenda kusema. Tarehe 16 Januari mwaka huohuo alisimama mbele ya Baraza Kuu la washindi hao, Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, akiwa kitini, akatoa hoja kwa Kifaransa, akazifupisha kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiitaliano. Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, akamuuliza kuhusu Wahungaria watakaobaki nje ya mipaka mipya. Mzee akamfungulia ramani iliyochorwa na mwanajiografia Pál Teleki, Wahungaria wamepakwa rangi nyekundu, wakaiinamia. Ombi lake kuu: pigeni kura ya maoni, wenyeji waulizwe.

Wanaosahihisha kosa la saini huishia hapo, wakamfanya walii. Ndipo ninapokasirika zaidi. Huyuhuyu, akiwa waziri wa elimu mwaka 1907, ndiye aliyepitisha sheria inayobeba jina lake. Mishahara ya walimu ilipanda, sawa. Lakini mtoto wa Kislovakia au Kirumania alitakiwa, akimaliza mwaka wa nne, awe anaongea na kuandika Kihungaria. Wazazi wake aliwauliza nani? Kura ya maoni ilikuwa wapi miaka hiyo?

Kujiuzulu kwenyewe sina msimamo nako. Siku nyingine nauona ushujaa, siku nyingine namwona mwanasiasa mzoefu anayewaachia wadogo wino umwagikie mikononi mwao.

Mengine haraka: alizaliwa Vienna 1846, aliingia bungeni 1872, jimbo la Jászberény likamshikilia kuanzia 1881, uspika 1901 hadi 1903, na vyama alivyohama usiniombe nivipange. Alifariki Geneva Februari 1933, akiwa na miaka 86, bado yuko kazini kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Hukohuko ndiko alikobishana na Nicolae Titulescu wa Rumania juu ya mashamba ya Wahungaria yaliyotwaliwa Transylvania, eneo ambalo Trianon iliipa Rumania. Kabaila akitetea mashamba ya makabaila wenzake: hapo wala hakuhitaji ramani.