Majibu ya damu si majibu ya macho

Wiki hii nimeulizwa tena. Mgonjwa wa Graves, ugonjwa wa tezi ya shingo, ameketi mbele yangu, karatasi ya maabara mkononi, T4 (homoni ya tezi) na TSH (homoni inayoiamrisha tezi) ziko sawa kabisa, lakini macho bado yamemtoka. "Daktari, nimemeza kabimazoli miezi minane, sikuruka hata siku moja. Mbona macho hayarudi? Au nikatwe tezi, yaishe?"

Jamani, tezi ikikatwa macho hayarudi. Ugonjwa wa Graves ni wa kinga ya mwili. Kingamwili, protini za kinga zilizokosea adui, hukibonyeza kipokezi cha TSH kwenye tezi, yaani kitufe ambacho TSH hubonyeza, nayo ikamwaga homoni bila kipimo. Kipokezi hichohicho kipo kwenye nyama za nyuma ya jicho. Huko nako misuli huvimba na mafuta huongezeka, na kwa kuwa tundu la jicho limezungukwa na mfupa usiotanuka, jicho lenyewe ndilo linalosukumwa mbele. Kabimazoli huzuia tezi kutengeneza homoni. Uvimbe ule wa nyuma haiuondoi.

"Lakini fulani alipona macho kwa dawa tu!" Huenda ni kweli, na hapa ndipo penye utata wote. Homoni zikizidi, huivuta kope ya juu mtu akaonekana kama ameshtuka. Hiyo hushuka homoni zikishuka. Jicho lililosukumwa ni jambo jingine. Kabla sijatoa rula ya kupimia, husimama nyuma ya mgonjwa aliyeketi, nikamlaza kichwa kidogo nyuma na kutazama kutokea juu ya paji lake. Jicho likichungulia kupita ukingo wa mfupa, basi si kope peke yake, na ahadi ya "meza dawa yatarudi" siitoi.

Iodini yenye mionzi, inayoua seli za tezi, wengi huitaka kwa sababu humezwa mara moja. Inaweza kuyachochea macho, hasa ya mvuta sigara, ndiyo maana wagonjwa wengine tunawapa pamoja na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na ambaye macho yake yamewaka sana, yaani yamevimba na kuwa mekundu, simpi iodini hiyo. Tezi kulegea kupita kiasi, homoni zikapungua mno, baada ya matibabu pia huyaumiza macho, kwa hiyo vipimo vya damu haviachwi. Sigara iachwe. Katika yote yaliyo mikononi mwa mgonjwa, hakuna linaloyaharibu macho haya kama hilo.

Seleniamu, madini ya lishe, mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6, iliwasaidia wenye dalili nyepesi katika utafiti wa Ulaya uliotoka 2011. Naiandika, ila kwa mtu ambaye chakula chake kina seleniamu ya kutosha naiandika kwa imani ndogo.

Kinachonisumbua zaidi ni wakati. Macho haya huwaka kwa miezi, pengine mwaka mmoja hadi miwili, kisha hupoa. Methilprednisoloni ya mshipani, nayo dawa ya kutuliza uvimbe, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, husaidia yakiwa bado yanawaka. Yakishapoa, mara nyingi kinachobaki ni upasuaji: mfupa kwanza, upunguzwe jicho lipate nafasi, kisha misuli, kope mwisho, maana kila hatua huibadilisha inayofuata. Vitabu vinatuhesabisha wekundu, uvimbe na maumivu ili tujue kama yamepoa. Mimi nimewahi kumwambia mtu yamepoa, macho meupe, hayaumi. Miezi mitatu baadaye akarudi anaona ngazi mbilimbili na anaogopa kushuka. Tangu hapo kila ziara namuuliza mgonjwa kama anaona vitu viwili, na simwachi aende kabla sijamfuatisha kidole changu pande zote.

Nyumbani fanya hivi: funika jicho moja, tazama kifuniko chekundu cha chupa, kisha badilisha. Wekundu ukififia upande mmoja, huenda mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa. Hapo, au jicho likishindwa kufumba usiku na asubuhi likawa linachoma na kuona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo kwa daktari wa macho, hata kama karatasi ya maabara inasema uko sawa.