Maisha ya kila siku bila kuona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na ndugu wa mtu aliyepoteza uoni karibuni, na mara nyingine na mwenyewe. Majibu yamelenga zaidi mazingira ya Tanzania.

Je, asiyeona huona giza tupu?

Si wengi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa haoni pale jicho lake lililo bora linaposhindwa kufikia 3/60. Maana yake, kitu ambacho mwenye macho mazima hukitambua akiwa mita 60, yeye hakitambui hata akisogea hadi mita 3. Ndani ya kundi hilo wamo wanaoona mwanga wa dirisha, kivuli cha mtu anayepita au rangi kali. Kwa hiyo ukimwona mtu mwenye fimbo nyeupe akikwepa gari lililoegeshwa, usimwite mwongo. Presha ya macho, kwa mfano, mara nyingi hula pembeni na kuacha katikati: mgonjwa anaweza kusoma ujumbe kwenye simu, kisha akajikwaa kwenye ndoo iliyo miguuni pake.

Kama uoni umeshakwenda, kliniki ya macho ni ya nini?

Kwanza, kujua chanzo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi ya bandia, na wapo wazee wanaokaa miaka wakiongozwa na wajukuu kwa ugonjwa unaotibika. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi, lakini dawa ya matone hulinda ule uliobaki. Jicho lisiloona nalo huumwa: likiwa jekundu, likiuma au kutoa usaha, lionwe na daktari. Usitie maji ya majani, maziwa ya mama wala mkojo. Vitu hivi huingiza vijidudu kwenye kioo cha jicho, na kidonda chake kikipona huacha kovu jeupe.

Nimwongozeje bila kumkera?

Jitambulishe kwanza: “Shikamoo mama, ni Juma, mtoto wa jirani yako.” Ule mchezo wa kumshika bega na kumuuliza “Unanijua mimi nani?” unachosha kuliko watu wanavyodhani. Kisha uliza kama anahitaji msaada. Pengine amesimama tu akimsubiri mtu.

Akikubali, gusa mkono wake kwa nyuma ya kiganja chako. Atapandisha mkono na kukushika juu kidogo ya kiwiko. Wewe tangulia nusu hatua. Mwili wako ukipanda au kushuka, yeye huhisi kupitia kiwiko kabla mguu wake haujafika. Kosa la kawaida ni kumshika yeye na kumsukuma mbele, maana hapo anayetangulia shimoni ni yeye. Kumvuta kwa fimbo ni kubaya vilevile: umemnyang'anya kitu anachokagulia njia.

Penye njia nyembamba, peleka mkono wako nyuma ya mgongo, naye atajipanga nyuma yako. Kwenye ngazi simama kabisa, sema kama ni za kupanda au za kushuka, na ukifika mwisho sema zimeisha. Kwa mtaro wa wazi taja uko upande gani na una upana gani. “Angalia!” haimwambii kitu, “simama” inamsaidia. Kwenye kiti, mwekee mkono kwenye egemeo, atakaa mwenyewe. Ukiondoka, sema unaondoka, asije akabaki akizungumza na ukuta.

Fimbo nyeupe hupimwaje, na kwa nini wengine huanguka wakiwa nayo?

Ikisimamishwa wima ifike usawa wa kidari. Mwenye hatua ndefu huhitaji iliyo ndefu zaidi. Mkono ukae mbele ya kitovu, na ncha iende kulia na kushoto ikizidi upana wa mabega kwa sentimita chache kila upande. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iwe kushoto, ili ikague mahali mguu wa kushoto utakapokanyaga. Mdundo huo ukivurugika, upande mmoja hubaki bila kukaguliwa, na wengi huingia mtaroni kwa namna hiyo. Sababu ya pili ni fimbo fupi: inagundua shimo wakati mguu umeshanyanyuka.

Kwenye mchanga na changarawe ncha nyembamba hunasa na mpini hukuchoma tumboni. Tumia ncha nene inayozunguka. Halafu kumbuka kwamba fimbo haikagui kuanzia kiunoni kwenda juu. Vioo vya malori, matawi, kamba za kuanikia nguo na kingo za mabati ya vibanda huupata uso moja kwa moja. Penye hatari hiyo, inua mkono wa pili usawa wa paji la uso, kiganja kikitazama mbele. Mvua kubwa nayo humeza sauti za magari. Afadhali kusubiri ipungue kuliko kuvuka kwa kukisia.

Inawezekana kupika peke yako?

Inawezekana, ila jiko la asiyeona huharibiwa na mtu anayeona. Chumvi ikihamishwa rafu, kisu kikiachwa kwenye beseni la vyombo, mlango wa kabati ukibaki nusu wazi, hapo ndipo ajali huanzia. Kila kitu kirudi mahali pake, na kikihamishwa, aambiwe.

Kwenye gesi, weka sufuria ikiwa na kitu ndani kabla ya kuwasha, ipapase kuhakikisha imekaa katikati, ndipo uwashe. Jiko linalojiwasha lenyewe ni salama kuliko la kiberiti. Lisiposhika, funga, fungua madirisha, subiri harufu iishe, ndipo ujaribu tena. Ncha za kanga zifungwe nyuma na mikono mirefu ikunjwe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani: hewa yake ya sumu haina harufu ya kukuonya.

Kitunguu hujitangaza chenyewe. Mchacharuko wa mafuta hupungua maji yanapokwisha, na harufu ya ukali hugeuka kuwa tamu. Ukisubiri mpaka inuke uchungu, umeshaunguza. Kwa chai, njia nzuri ni kupima maji yakiwa baridi kwa kikombe kilekile utakachonywea, kisha kuchemsha kiasi hicho pungufu kidogo, hivyo hakina cha kufurika. Kikombe kiwe ndani ya bakuli wakati wa kumimina. Kuweka kidole ukingoni ili kuhisi kikombe kinapojaa ni kwa vinywaji baridi tu.

Ukimpakulia, mwambie chakula kilivyokaa. Vitabu vya mafunzo hufundisha kutumia uso wa saa, lakini kwetu unaleta mkanganyiko: saa sita ya mchana mshale uko juu, wakati namba 6 imeandikwa chini. Sema tu “ugali uko karibu yako, mchicha kulia, samaki upande wa mbali, ana miiba.”

Atatambuaje noti?

Noti za Tanzania huongezeka ukubwa kadiri thamani inavyopanda, lakini tofauti ni ya milimita, na noti iliyochakaa kingo humdanganya hata mzoefu. Wengi hukunja: ya 1,000 hubaki wazi, ya 2,000 hukunjwa mara moja kwa upana, ya 5,000 kwa urefu, ya 10,000 mara mbili. Mpango wowote unafaa mradi haubadiliki. Kazi ni wakati wa kupokea chenji: ipokee noti moja moja, muuzaji akitaja, na ukunje kila moja kabla ya kuchukua nyingine.

Na simu?

Simu za Android huwa na TalkBack, iPhone ina VoiceOver. Zote husoma kilicho kwenye kioo. Mguso mmoja husoma, miguso miwili ya haraka hufungua, na vidole viwili husogeza ukurasa kwenye TalkBack, vitatu kwenye VoiceOver. (Ndugu wengi huiwasha TalkBack bahati mbaya, wakadhani simu imekufa.) Kama Kiswahili kinasomwa kwa lafudhi isiyoeleweka, sauti imewekwa ya Kiingereza: kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, uchague Kiswahili.

Kwa pesa za mtandao, menyu za nyota na alama ya reli hukatika muda ukiisha, mara nyingi sauti ya simu ikiwa bado inataja chaguo la tatu. Ongeza kasi ya usomaji, au tumia programu ya kampuni husika ikiwa inasomeka vizuri. Vaa spika za masikioni unapoingiza namba ya siri, na usimtajie wakala hata akisema anakusaidia.

Dawa zinafanana. Afanyeje asizichanganye?

Mwambie mfamasia mapema, azitie kwenye vyombo tofauti. Funga mpira mmoja kwenye chupa ya dawa ya asubuhi, miwili kwenye ya jioni. Bahasha za vidonge zitambuliwe kwa pini: moja, mbili, tatu. Zinazotumika zikae mbali na zilizokwisha muda.

Dawa ya maji ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mtu anayeona avute hadi alama inayotakiwa, tuseme mililita 5, kisha akate mfuo mdogo kwenye fimbo ya bomba pale inapotokea kwenye mwili wake. Baadaye asiyeona huvuta mpaka ukucha uuguse mfuo. Tatizo ni hewa: ncha isipozama vizuri bomba hujaa mapovu na dozi hupungua. Vuta polepole, sukuma yote irudi, vuta tena.

Je, huota ndoto?

Ndiyo. Aliyezaliwa haoni huota sauti, harufu, mguso na mwendo. Aliyepoteza uoni ukubwani huendelea kuota picha, ingawa kwa baadhi hufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Kwa nini baadhi hukesha usiku na kusinzia mchana?

Mwanga unaoingia machoni ndio huirekebisha saa ya mwili kila siku. Kwa asiyeona mwanga kabisa, saa hiyo inaweza kuchelewa kidogo kila siku, hivyo usingizi husogea mbele taratibu mpaka ukaangukia mchana, kisha ukazunguka kurudi usiku. Majirani huita uvivu. Andika au rekodi saa za kulala na kuamka kwa wiki nne, uamke muda uleule kila siku, uache chai kali jioni, na umpelekee daktari rekodi hiyo ukimweleza wazi kwamba huoni hata mwanga. Ipo homoni ya melatonini inayotumika kwa hali hii, lakini hufanya kazi ikinywewa saa maalumu kila siku, kwa hiyo usiinunue dukani kwa kubahatisha.